Kisu cha marehemu bibi, dada yangu, na dini yangu mpya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, ila sikudhani kwamba ipo siku nami ningekuandikia. Naomba jina langu lisitajwe, na ukiona humu jambo lolote litakalonifichua, tafadhali lifute.

Nina miaka 28. Sijaolewa, nina kazi, na naishi kwa dada yangu mkubwa pamoja na shemeji na watoto wao wadogo. Dada ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, kwa hiyo ninapomtaja dada ujue namtaja mama. Ni mcha Mungu kwelikweli. Jioni haipiti kwake bila sala ya pamoja, nami miaka yote nimekaa katika sala hizo nikiitikia amina.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma kuhusu dini ya Wicca. Nilianza kwa udadisi, nikajikuta nimezama. Nilipenda wanavyoufuata mwezi na majira ya mwaka, wanavyomheshimu Mungu wa kike na wa kiume kwa pamoja, na ile kanuni yao kwamba fanya upendavyo mradi humdhuru yeyote. Najua watu wakisikia watasema nimeingia kwenye uchawi wa kuroga. Sina wa kumroga. Ninachotafuta ni utulivu, na nimeanza kuuonja.

Kinachonikwamisha ni vifaa. Kila ninaposoma nakutana na orodha ileile: athame, yaani kisu cha ibada chenye mpini mweusi, halafu kifimbo, kikombe, pentakeli (lile bamba la duara lenye nyota ya pembe tano), chetezo, chungu cha chuma, kengele, ufagio, kamba, joho, na daftari wanaloliita Kitabu cha Vivuli. Mimi sina hata kimoja. Mwezi ukijaa nakaa chumbani mikono mitupu, najiona kama mtu anayeigiza.

Kwenye kundi moja la simu kuna mama anayewafundisha wanaoanza. Hatujawahi kuonana ana kwa ana, ila amenipokea vizuri na hunijibu hata usiku wa manane. Anasema hakuna ibada bila seti kamili, kifaa kilichoguswa na mtu mwingine kimeharibika, na bei ya kifaa cha ibada haipunguzwi. Yeye mwenyewe anauza seti, tena ameshazitakasa. Anataka nitume nusu ya fedha sasa kama kishika uchumba ili zinifikie kabla ya Samhain, moja ya sikukuu za Wicca, kwa sababu anayeanza baada ya hapo itabidi angoje mwaka mzima. Bei yake inakaribia kumaliza akiba yangu yote, na akiba hiyo ni ya kuhamia kwangu.

Halafu kuna la pili, ndilo linaloninyima usingizi. Bibi mzaa mama alituachia mimi na dada sanduku lake. Ndani mna kisu kidogo chenye mpini wa pembe nyeusi na kikombe cha zamani cha madini. Kisu chenyewe ni kama kimetoka kwenye picha za vitabuni. Nimesoma mahali kwamba kifaa cha urithi ndicho bora kuliko vyote. Yule mama wa kundini anasema kisu kilichokwisha kata vitu hakifai kabisa. Na bibi mwenyewe, Shangazi, alikuwa mcha Mungu kumshinda hata dada.

Sanduku liko chumbani kwangu na ufunguo ninao mimi. Dada halifungui mara kwa mara. Nikivichukua hatajua. Lakini nikifikiria akifungua mlango akute kisu cha bibi kimelala katikati ya mishumaa, mwili unanisisimka.

Nifanyeje? Ninunue ile seti? Nichukue vya bibi? Nimwambie dada? Au niache kila kitu mpaka nihame? Anayejua habari hizi ni rafiki yangu mmoja tu, naye kila nikianza kueleza huangua kicheko.

Ni mimi msomaji wako.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Niliyofuta nimeyafuta, usiwe na wasiwasi.

Umeniuliza maswali manne, ila nikiyasoma vizuri naona ni mambo mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza ni vifaa: unahisi huwezi kuanza bila vitu, na vitu vinataka fedha ambazo ungezitumia kupata mlango wako mwenyewe. La pili ni dada yako na sanduku la bibi. Kuhusu imani yenyewe sitakubishia. Wapo watakaonilaumu kwa hilo, na barua zao najua zitakuja. Wewe ni mtu mzima, umeniuliza kuhusu vifaa na kuhusu familia, nami nitajibu ulichoniuliza.

Nianze na hiyo sheria ya seti kamili. Ungemuuliza yule mama, kwa upole tu, ameitoa wapi. Wicca si dini yenye makao makuu yanayotoa amri. Kwa sura tunayoijua leo ilijitokeza Uingereza katikati ya karne iliyopita, na aliyeitangaza zaidi ni Gerald Gardner. Alichapisha kitabu chake cha kuieleza mwaka 1954, miaka 3 tu baada ya Uingereza kufuta sheria yake ya zamani dhidi ya uchawi. Vifaa vingi unavyovisoma kwenye orodha vilitoka katika maandishi ya uganga ya Ulaya ya zamani zaidi. Kisu cha mpini mweusi na mwenzake wa mpini mweupe vimo katika kile kiitwacho Ufunguo wa Sulemani, kilichotolewa kwa Kiingereza mwaka 1889. Hata lile la kutopunguza bei linatoka katika vitabu vya namna hiyo. Kwa hiyo mama yule hakulitunga. Lakini vitabu hivyo havikumtaja muuzaji mmoja, wala havikusema mtu asitafute mahali penye bei inayomfaa kabla ya kulipa.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani halijakufikia. Mwaka 1957 Gardner aliwaletea wenzake kanuni alizosema ni za kale. Doreen Valiente, mwanamke aliyeandika sehemu kubwa ya maneno ya ibada zao, hakuamini ukale wake, na ugomvi huo ulichangia yeye na baadhi ya wenzake kujitenga. Lakini hebu tazama kanuni zenyewe zinasemaje kuhusu vifaa. Zinataka viwe vitu vya kawaida ambavyo mtu yeyote anaweza kuwa navyo nyumbani. Pentakeli iwe ya nta ili ivunjwe mara moja hatari ikibisha hodi. Alama na majina yaandikwe kwa wino, kifaa kiwekwe wakfu, kisha wino uoshwe papo hapo. Ziwe za kale au ziwe za juzi, mtu aliyezitunga hakuwa akifikiria seti inayong'aa inayosafirishwa kwenye boksi. Alikuwa akimfikiria mtu anayeishi na watu wasiopaswa kujua. Nilipofika hapo nilikukumbuka wewe.

Wenyewe hata hawakubaliani kifaa kipi ni cha nini. Waliofuata mafundisho ya Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888, wanasema kifimbo ni cha moto na kisu ni cha hewa. Wengine wanageuza, kisu ndicho moto na kifimbo ndicho hewa. Kikombe kuwa cha maji na pentakeli kuwa ya ardhi, hapo angalau wengi wanapatana. Na joho! Wafuasi wa Gardner kwa desturi hufanya ibada zao bila nguo kabisa. Anayekuambia joho ni la lazima amewafuta waasisi wenyewe, na sitaki kujua wao wangemjibu nini.

Nikupe na kisa cha mahakamani. Nchini Marekani mfungwa mmoja aliomba aruhusiwe vifaa vya ibada yake ya Wicca, mishumaa na ubani vikiwemo. Mwaka 1986 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba imani yake ni dini inayolindwa na katiba, kisha ikasema gereza lina haki ya kumnyima vitu hivyo kwa sababu za usalama. Sikupi kisa hiki nikufananishe na mfungwa. Ninachotaka ukione ni kwamba majaji waliweza kuitambua dini hiyo huku mwenye nayo akiwa hana vifaa alivyoviomba. Wewe chumbani unakaa na mikono mitupu, unajinyima hata jina.

Hata hivyo sitaki nikuharakishe kwenda upande wa pili, wa kusema vifaa ni upuuzi. Si upuuzi. Mtu akishika kitu kilekile kila mara anaponyamaza, mwili wake huzoea, na akili hufuata. Katika makundi ya mapokeo, anayeingizwa rasmi huonyeshwa zana moja baada ya nyingine na kuelezwa kazi yake, na wengi huwangojesha wanafunzi mwaka mmoja na siku moja kabla ya hapo. Kwa hiyo hamu yako ina mantiki. Ninachojiuliza ni kama unavihitaji vyote, na kama unavihitaji sasa, au kama ile hisia ya kuigiza ingeendelea kukufuata hata baada ya boksi kufunguliwa. Umesema umeanza kuuonja utulivu. Ulikuwa unafanya nini siku hizo ulipouonja? Hapo kulikuwa na kifaa gani?

Tuseme basi hutaki kungoja kabisa, na hutaki kumaliza akiba. Daftari ni rahisi kuliko vyote, na kwa maoni yangu lina faida kuliko vyote kwa anayeanza: unaandika mwezi ulikuwaje, ulifanya nini, ulihisi nini, na baada ya muda daftari lenyewe litakuonyesha unakosa nini. Kifimbo ni tawi, na wengi huona fahari kukichonga wenyewe kuliko kukinunua. Pentakeli unaweza kuifinyanga kwa udongo, kuichora kwenye kibao, au kuifanya ya nta kama zile kanuni zilivyosema. Kikombe ni kikombe. Kengele, ufagio na chungu vinaweza kungoja, wapo waliozeeka katika njia hii bila chungu. Kutakasa nako kunafanywa kwa chumvi, maji, moshi na mwali wa mshumaa, kwa hiyo hata kitu alichokigusa mtu mwingine kina njia yake ya kusafishwa. Kama mguso wa mtu ungeharibu kifaa milele, seti alizozitakasa huyo mama kwa mikono yake zingekuwa na hali gani?

Njia hii nayo ina ubaya wake. Vitu vya kawaida vinaweza kukuzidishia hisia ya kuigiza badala ya kukuondolea. Na ukitoa kikombe jikoni kwa dada, kitatafutwa. Wapo pia watu ambao kitu kizuri kilichotengenezwa na fundi stadi huwainua kweli, na kama wewe ni mmoja wao, kununua kimoja unachokipenda, siku utakapokuwa na nafasi, si ubadhirifu.

Kwenye chetezo nitakaa kidogo, kwa sababu watoto wamo ndani. Makaa ya kufukizia ubani hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na chumba kilichofungwa dirisha ili moshi usitoke ndicho chumba cha hatari zaidi. Ukifukiza, weka mchanga chini ya makaa, fungua dirisha, na usilale kabla hayajazimika kabisa. Ukiona wanapendekeza kufukiza mmea uitwao kwa Kiingereza white sage, ujue mmea huo asili yake ni kusini mwa California na upande wa pili wa mpaka huko Mexico, ni mtakatifu kwa watu wa asili wa huko, nao wamekuwa wakilalamika kwamba wafanyabiashara wanauvuna kupita kiasi. Mtu aliyevutiwa na kanuni ya kutodhuru pengine angependa kulijua hilo kabla ya kununua. Visu navyo: athame ya kawaida ina makali pande mbili, na zipo nchi zinazozuia kisu cha namna hiyo kuuzwa, kutumwa kwa posta au kubebwa barabarani. Ulizia sheria ya unapoishi. Wengi huiacha butu, kwa sababu kazi yake ni kuchora duara hewani na kuelekeza nia. Kukata wanamwachia yule wa mpini mweupe.

Hapo ndipo yule mama alipopata hoja yake kwamba kisu kilichokwisha kata hakifai. Ni maoni ya baadhi yao. Wengine hukitakasa tu, mambo yakaisha.

Kuhusu yeye mwenyewe sitaki kumhukumu mtu nisiyemjua. Anaweza kuwa mfanyabiashara mwaminifu anayeamini anachosema. Kuuza vitu ni halali. Ila katika mapokeo ya Gardner kuna msimamo mkali kwamba mafundisho na kuingizwa havilipishwi, kwa hiyo mwalimu ambaye pia ndiye muuzaji, na ambaye mafundisho yake yote yanaishia dukani kwake, anastahili maswali zaidi. Na hilo la Samhain linanipa shaka kuliko yote. Samhain ni moja kati ya sikukuu 8 za mwaka wao. Huangukia tarehe 31 Oktoba kaskazini mwa dunia, na wengi wa kusini huiadhimisha karibu na mwanzo wa Mei kwa kuwa majira yao yamegeuka. Zimegawanywa hivi kwamba ikipita moja, nyingine huja baada ya wiki 6 au 7, na mwezi nao hujaa kila baada ya siku 29 na nusu hivi. Hakuna mlango unaofungwa mwaka mzima hapo.

Sasa sanduku.

Nimeliweka nyuma kwa sababu ndilo zito. Umeandika kwamba ukivichukua dada hatajua, na sentensi inayofuata unasema mwili unakusisimka. Nadhani umeshajisikia jibu lako likivutana na hoja yako. Sanduku mliachiwa wawili. Hata tukiiweka dini kando, hata kama ungetaka kile kisu cha kumenyea matunda, kingekuwa nusu chake.

Halafu yupo bibi. Hatuwezi kumuuliza. Mtu anaweza kusema waliotangulia wamepumzika, vitu vimebaki kwa walio hai, na upendo wa bibi kwako haukuwa na masharti. Mtu mwingine atasema kisu cha mwanamke aliyesali maisha yake yote hakiwekwi kwenye ibada ambayo angeikimbia. Nimewasikia wote wawili kichwani na siwezi kukuambia yupi ana haki. Lakini njia uliyoichagua ina kanuni ya kutomdhuru yeyote, na ungeweza kuipeleka pale kwenye sanduku uone inasema nini. Anayeweza kuumia hapo yuko chumba cha pili, hai.

Nikuulize na hili: unakitaka kile kisu kwa sababu mpini wake ni mweusi, au kwa sababu ni cha bibi? Kama ni mpini, visu vyenye mpini mweusi ni vingi. Kama ni bibi, basi huenda unachokitaka ni kwamba mtu wa damu yako awe nawe katika jambo hili unalolifanya peke yako. Hilo nalielewa. Samhain yenyewe ni majira ya kuwakumbuka waliokufa. Unaweza kumkumbuka bibi kwa picha yake na mshumaa, jambo ambalo hata dada asingelishangaa, na kisu kikabaki mahali alipokiacha. Au unaweza kumwomba dada waziwazi: naomba kisu cha bibi kiwe changu, wewe chukua kingine ukipendacho. Hiyo ni haki yako kuomba. Ila ukiomba huku umeficha matumizi, na siku moja akayajua, atakumbuka namna ulivyoomba.

Kile kikombe, ukikipata kwa ridhaa, usikinywee kabla hujajua ni madini gani. Vikombe vya zamani vya mchanganyiko wa bati mara nyingi vilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Kiwekee maji ya ibada tu na unywe kwenye kingine.

Kumwambia dada au kutomwambia, hapo nitakwenda taratibu. Unadhani unajua atakavyopokea. Umemjua maisha yako yote, kwa hiyo pengine hukosei. Lakini umempa nafasi ya kusema lolote? Wapo watu wa sala ambao wakiambiwa kwa heshima na mtoto waliyemlea huumia, hulia, kisha huuliza maswali. Wapo ambao hufungasha mizigo yako usiku huohuo. Na zipo sehemu ambapo neno la uchawi likishatoka nje ya ukuta wa nyumba halimwachi mtu salama, watu wamepoteza maisha kwa tuhuma tupu. Wewe ndiye unayejua unaishi wapi na majirani zako ni watu gani. Kama kuna hofu ya namna hiyo, kunyamaza mpaka uwe na makao yako si uongo, na akiba yako ndiyo ngao yako. Hilo ndilo linalonifanya niione bei ya ile seti kuwa kubwa kuliko tarakimu zake.

Kama hatari hiyo haipo, kuna njia ya katikati. Unaweza kuanza na yaliyo kweli na mepesi: kwamba umekuwa na maswali kuhusu imani, kwamba kuna vitu unavisoma, kwamba zile sala za jioni unakaa kwa ajili yake ingawa moyo wako uko mbali. Tazama anavyopokea hayo kabla ya kufika kwenye visu na mishumaa. Hasara yake ni kwamba atakuwa macho tangu siku hiyo, na chumba chako kitaangaliwa. Kutosema nako kuna gharama: utaendelea kuitikia amina usizozimaanisha, na moyo wako umeshaanza kuchoka nazo, ndiyo maana umeniandikia. Na kuficha vitu vya ibada nyumbani kwa mtu mwingine ndiyo njia yenye uwezekano mkubwa zaidi wa kumfanya ajue kwa namna mbaya, kwa sababu watoto hufungua kila kitu.

Rafiki yako anayecheka, sijui anacheka kwa aibu au kwa dharau. Ningependa kujua anamcheka nani wakati hupo. Na kwenye lile kundi, angalia jina gani na picha gani umeweka.

Kabla hujatuma shilingi yoyote kwa yule mama, unaweza kumwandikia mambo matatu uone atajibuje: kwamba ungependa kuanza na kifaa kimoja tu, kwamba ungependa kulipa baada ya kukipokea, na kwamba utakuwa tayari baada ya Samhain. Mwalimu atakuwa na la kusema hata kwa mwanafunzi asiyenunua. Ukinyimwa majibu yale ya usiku wa manane, utakuwa umejua bila kulipa kitu. Majibu yake, na ya dada kama utaamua kumuuliza, ningependa uniandikie.

Shangazi